Mtihani Nisioutunga Katika Gurupu la Ng'ombe

Nyinyi watafiti wapya mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi ya kukusanya mazungumzo ya watu mtandaoni kwa ajili ya utafiti wa lugha, na hapo hapo mmeanza kukosea. Mtu anayeandika ujumbe kwa kidole kimoja, miwani ikiwa imeteremka hadi puani, ndiye mnamwita mzoefu. Haya basi. Nimeketi, chai iko hapa, na mke wangu Rael amesema nisiwadanganye. Kwa kuwa yeye atasoma kabla yenu, sina ujanja.

Kabla ya kuwa mtafiti nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na huo ndio ugonjwa nilioingia nao kazini. Kituo chetu hapa Nakuru kilitaka kujua watu wa Bonde la Ufa wanaongeaje Kiswahili wakiwa wao kwa wao, si redioni wala darasani. Zamani tulizunguka na kinasa sauti. Ukimwekea mtu kinasa sauti mbele yake anakohoa, anaketi wima, halafu anaanza kuongea kama chifu kwenye baraza. Kwa hivyo simu zilipoenea, na watu wakaanza kubishana kwenye magurupu ya WhatsApp mchana kutwa, tena kwa maandishi, sisi tuliona tumeomoka, mali imekuja yenyewe. Hakuna kinasa sauti, hakuna wa kukohoa. Kazi yetu ni kuomba ruhusa, kunakili na kusoma.

Gurupu la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa la wauza mitumba. Nikafungua, nikaona makosa. Sasa mwalimu akiona makosa, mkono unamwasha. Hapa herufi kubwa hakuna, pale neno limekatwa katikati, huyu ameandika sentensi ndefu bila kituo hata kimoja. Nikayasahihisha yote kwa wiki kadhaa, kwa moyo safi kabisa, nikijua ninawasaidia wenzangu watakaoyasoma. Nikampelekea mkuu wangu, Daktari Auma, mama mfupi ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alisoma kurasa chache, akavua miwani.

"Wekesa, hawa watu wote walisomea shule moja?"

"Hapana, Daktari. Wanatoka kila pahali."

"Basi mbona wote wanaongea kama wewe?"

Nilianza upya. Ndiyo maana mpaka leo nawaambia: nakala ya kwanza, ile mbichi, ifungieni mahali ambapo hata nyinyi wenyewe hamwezi kuifikia mkiwa na hamu ya kusaidia.

Halafu kulikuwa na yale maombi. Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba wauza mitumba wa Nakuru huanza siku kwa sala ndefu zenye lugha ya kishairi, nikaandika na maelezo marefu juu ya uzuri wake. Rael akanionyesha simu yake. Sala ile ile alikuwa ametumiwa na dada yake, na jirani, na mtu wa kutengeneza mifereji ya maji. Ilikuwa ujumbe wa kusambazwa tu, umezunguka nchi nzima, na hakuna muuza mitumba aliyeutunga. Ujumbe wa kusambazwa uwekeni kando, wanangu. Unaonyesha watu wanapenda nini, lakini si maneno yao.

Hayo ni madogo. Ninayotaka kuwaeleza ni ya gurupu la ng'ombe.

Lilikuwa gurupu la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wengi ni wa Bahati, wengine Gilgil, na mmoja alikuwa fundi wa mitambo ya mvuke huko Olkaria, aliyemwachia mkewe ng'ombe wake na kuwachunga kwa simu. Msimamizi wao alikuwa Koskei, kijana mpole anayefanya kazi kwenye kituo cha kupozea maziwa. Kazi ya gurupu ilikuwa moja. Ng'ombe wako akiugua, unaandika, na kabla hujaweka simu mfukoni mtu amekujibu. Daktari wa mifugo ni mmoja na barabara ni mbaya, kwa hivyo gurupu ndilo lilikuwa zahanati yao.

Koskei alinionyesha baadhi ya mazungumzo kabla sijaingia, nami nikapenda uandishi wa mtu mmoja kuliko yote niliyowahi kusoma. Mama Wambui, mjane wa pale Bahati mwenye ng'ombe wawili. Alikuwa akiandika hivi: "Wadau ngombe yangu inaangalia ukuta tangu asubuhi haikuli haikunywi inaniangalia ni kama nimeikosea nani anajua hii ni nini." Hakuna nukta wala koma. Na chini yake majibu kama mvua: angalia masikio, pima joto, umeipatia nini jana, hiyo ni minyoo mathe. Nilisoma nikicheka peke yangu ofisini. Nikajisemea, hiki ndicho Kiswahili chenyewe tulichokuwa tunakitafuta.

Kuna watafiti wanaojipenyeza kwenye magurupu kimya kimya, wanasoma na kunakili bila kusema neno. Daktari Auma hakukubali hilo. "Utaomba ruhusa," alisema, "na utaomba kila mtu, si msimamizi peke yake." Alikuwa sawa. Ila nikamwachia Koskei aniandikie utangulizi, nikidhani yeye ndiye anawajua watu wake. Koskei akaandika hivi:

"Wadau, huyu mzee ni Prof wa Kiswahili. Atakuwa anasoma vile sisi tunaandika hapa na kuipeleka kwa utafiti. Mwenye hataki aseme. Tafadhali tuandike Kiswahili poa, tusiaibishe Bahati."

Mimi si profesa, sijawahi kuwa. Nilifurahi kuitwa Prof, nikaacha hivyo. Wote walikubali, na wengine wakaweka alama ya kuomba dua.

Asubuhi iliyofuata, mzee mmoja wa Gilgil aitwaye Njoroge aliandika: "Ilikuwa asubuhi ya kupendeza, ndege wakiimba nyimbo zao tamu mitini, nilipodamka na kumkuta ng'ombe wangu mpendwa akiwa hoi bin taabani kwa kuhara." Mwingine akamjibu: "Pole sana mwenzetu kwa masaibu yaliyokufika." Wa tatu akaongeza methali mbili. Hakuna aliyemwambia ampe ng'ombe nini.

Mnajua mlivyofundishwa kuandika insha shuleni. Basi wazee wazima wenye wajukuu walikuwa wamerudi darasani, jua likichomoza kutoka mashariki katika kila ujumbe, na ng'ombe wanahara. Na mimi je? Mimi nilifurahi. Niliandika kwenye ripoti kwamba Kiswahili cha wafugaji kimepevuka kuliko tulivyodhani. Nikampelekea Daktari Auma, mbio.

Alisoma mpaka mwisho. "Hawa wanafanya mtihani," akasema. "Msahihishaji ni wewe."

Nilicheka, nikadhani ni utani. Nikasema watazoea baada ya muda. Kile ambacho sikukiona, na hapa ndipo nawataka muache kucheka kidogo, ni kwamba wale waliokuwa wakiandika insha ni wale walioweza kuandika insha. Wengine walinyamaza. Kwenye kompyuta yangu kunyamaza hakukuonekana, kwa sababu mtu asiyeandika hana mahali pa kuwekwa.

Nilikutana na Mama Wambui kwenye duka la dawa za mifugo pale Bahati, akinunua dawa ya kupe. Nikajitambulisha, nikamwambia amepotea sana kwenye gurupu.

"Si niko, mwalimu. Mimi nasoma tu."

"Mbona huandiki siku hizi?"

"Niandike nini? Kiswahili yangu ni ya soko."

Nikamwambia hapana, Kiswahili chake ndicho kizuri kuliko vyote. Akaniangalia vile watu huangalia mtu anayeuza kitu. Halafu akanieleza, pole pole, huku akikunja mfuko wa dawa.

"Mtamba wangu alifura tumbo. Ilikuwa imenyesha, nikampatia majani ya kabeji yakiwa na maji. Nikaandika kwa simu. Nikaisoma, nikaona hapana, hii Prof ataniona mjinga. Nikafuta. Nikaita msichana wangu anisaidie, akasema lazima tuanze na salamu. Tukawa tunatafuta maneno. Kutoka nje kuangalia, mtamba amelala chini. Hakuamka."

"Pole sana, mama."

"Ningeuliza tu vile nilikuwa nauliza, mtu angeniambia nimpatie mafuta ya kupika. Mimi mwenyewe nilikuwa najua hiyo mafuta. Lakini ukishikwa na uoga unasahau." Akaweka dawa kwenye kikapu. "Sasa nimebaki na mmoja, na huyo ana mimba. Naomba Mungu tu asisumbuke."

Nilirudi nyumbani nikakataa chakula cha jioni, jambo ambalo Rael anasema hakuwahi kuliona kabla ya hapo wala baada. Nilijisikia vibaya kweli kweli. Mtu amepoteza nusu ya mali yake kwa kuogopa kalamu nyekundu ambayo mimi sikuwa nayo hata mfukoni. Na nilijua yule ng'ombe aliyebaki naye akipata shida, Mama Wambui ataandika, atafuta, ataandika, atafuta.

Nikaenda kwa Koskei kumwambia ninatoka kwenye gurupu. Alikuwa akiosha mitungi ya maziwa, hakusimamisha kazi.

"Prof, ukitoka saa hii watasema wamefeli."

"Wamefeli nini?"

"Mimi nitajuaje? Si wewe ndio ulileta mtihani."

"Sikuleta mtihani wowote, Koskei."

"Basi waambie."

Nikawaambia. Nilikaa siku nzima nikitunga tangazo. "Ndugu wapendwa," nilianza, na hapo tayari nilikuwa nimeharibu. Niliwasihi waandike kwa uhuru, pasipo hofu wala wasiwasi, kila mmoja kwa lugha aliyoizoea. Nilitumia nukta mkato mara tatu. Njoroge wa Gilgil akanijibu: "Tumeyapokea mawaidha yako kwa mikono miwili, ewe mwalimu wetu." Nikaweka simu chini, nikatoka nje kutembea.

Sasa, Rael alikuwa amenunua ng'ombe. Alisema nikistaafu nitahitaji kitu cha kunitoa kitandani. Ng'ombe yule alikuwa wake kabisa. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsifu. Siku moja Rael akaenda Gilgil kwenye mazishi ya shangazi yake, akaniambia ng'ombe bado ana siku kadhaa kabla ya kuzaa, nisiguse chochote. Mchana, jua likiwa utosini, nikasikia mlio wa ajabu kutoka zizini, nikavaa gamboti, vile viatu virefu vya mpira, nikatoka mbio. Nilikuta mguu mmoja wa ndama umechomoza. Mmoja tu. Ng'ombe anasukuma, anapumzika, anasukuma, na hakuna kingine kinachotoka.

Nikampigia Rael. Simu yake ilikuwa ndani ya kibeti, imezimwa kwa heshima ya marehemu. Nikampigia daktari wa mifugo. Yuko upande wa Subukia, atafika jioni. Basi nikafungua gurupu, na mimi niliyeteswa na herufi kubwa maisha yangu yote, nikaandika hivi, neno kwa neno:

"jamani ngombe ya Rael inazaa mguu imetoka moja tu Rael hayuko vet ako Subukia mimi sijui kitu saidieni"

Halafu nikaongeza: "inalia".

Nikaona kwamba wamesoma. Watu kumi, ishirini, wamesoma, na hakuna anayejibu. Mwishowe Njoroge akaandika: "Mwanzo mzuri, Prof. Kisa kinasisimua. Tunangoja sehemu ya pili."

Walidhani ninawapima. Nilisimama pale nimeshika simu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa Mama Wambui alisimama vipi siku ile ya mtamba. Mimi angalau niliandika. Nikaandika tena "si kisa", nikaona hata hilo linasikika kama kisa.

Ndipo likatokea jina ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu.

"Nyinyi mko na akili kweli," aliandika Mama Wambui. "Hii si hadithi hii ni ngombe. Prof piga picha."

Nikapiga, nikatuma.

"Hiyo ni gamboti yako. Piga ngombe."

Nikapiga ng'ombe.

"Huo mguu ni wa mbele ama wa nyuma"

"wa nani", nikaandika.

"Wa ndama Prof. Wako tunajua uko kwa gamboti."

Hapo gurupu likapasuka. Wote wakaingia kwa pamoja, kila mtu na Kiswahili chake, na Kikuyu chake, na Kikalenjin chake, hakuna salamu wala ndege mitini. Usivute. Usivute kabisa. Kucha ikiangalia chini ni mguu wa mbele. Maji moto na sabuni. Toa saa mkononi, Prof. Yule fundi wa Olkaria akatuma ujumbe wa sauti, mvuke unavuma nyuma yake, anapiga kelele: "Mzee, ukivuta huo mmoja utaua wote wawili. Huo mwingine umekunjika ndani. Lazima utafutwe." Na Njoroge wa Gilgil, mwenye asubuhi za kupendeza, akaandika: "Mungu wangu kumbe ni ukweli. Prof pole. Ingiza mkono haraka wacha kuandika."

Mama Wambui akanipigia simu. Nikaiegemeza kwenye ndoo, nikaosha mikono hadi juu ya kiwiko, nikafanya alivyosema. Ngoja apumzike, sukuma ndama arudi ndani kidogo, tafuta mguu wa pili, funika kwato kwa kiganja isije ikampasua mama yake, leta mbele. Nilikuwa nikilia, sitawaficha. Aliniuliza kama ninaupata, nikasema sijui ninashika nini. Akasema, "Ukipata pua, rudi pembeni." Nikapata pua. Nikarudi pembeni. Mguu ukaja.

Ndama alipotoka alianguka juu ya gamboti ile ile. Nilimpangusa pua kwa fulana yangu. Nilipochukua simu, gurupu lilikuwa limejaa neno moja, mtu baada ya mtu: "Imetoka?" "Prof?" "Imetoka?" "Prof jibu." Nikatuma picha ya ndama amesimama, miguu inatetemeka kuliko yangu. Koskei akaandika, "Prof amepita." Ndama akapewa jina na gurupu kabla Rael hajafika nyumbani. Anaitwa Mtihani.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniandikia insha. Nani atamwogopa mtu aliyeuliza mguu ni wa nani? Kila nikiandika jambo, mtu ananijibu, "Prof, wako ama wa ndama?" Na ng'ombe wa Mama Wambui alipoanza kuzaa, aliandika saa ile ile, bila nukta, na watu wakamjibu saa ile ile. Alizaa salama.

Nilirudi kuomba ruhusa upya, safari hii mwenyewe, kwa maneno yangu ya zizini: majina na namba nitaondoa (hata haya ya wafugaji niliyowaandikia hapa si yao), asiyetaka yake iwekwe aniambie naitoa, na wala sijui kusahihisha tena. Mama Wambui akajibu, "Yangu weka yote hata makosa."

Sasa sikilizeni, kwa sababu mazungumzo hayo ndiyo mtakayoyafungua kwenye kompyuta mwezi ujao. Daktari Auma ana sheria, na ni nzuri: maneno ya mtafiti hayahesabiwi, yanatolewa. Kwa hivyo mtakuta watu arobaini wanampigia kelele mtu asiyeonekana. Wanamwambia atoe saa, wanamwambia hiyo ni gamboti yake. Mahali pake pameandikwa "ujumbe umeondolewa", tena na tena. Huyo ni mimi. Chekeni, nimewaruhusu.

Lakini rudini nyuma kidogo, kwenye zile siku za insha. Kuna Jumanne moja ya mvua ambayo karibu haina kitu. Asubuhi Njoroge anauliza ni wapi atapata nyasi kavu, kwa lugha tamu sana. Jioni mtu anamshukuru kwa swali lake zuri. Katikati hakuna ujumbe ulioondolewa, hakuna alama yoyote, mtapita hapo bila kusimama. Hapo katikati Mama Wambui alikuwa ameshika simu, mtamba amefura nje, anatafuta neno.